Udhamini wa franshizi kule Marekani: tribinali gani itakuita, na barua ya mashitaki itakufikia wapi?

Ndugu yetu mumoja anaishi Iowa, ao tuseme Texas. Ametumika miaka tano kwenye kiwanda cha nyama, amechunga feza kidogo kidogo, na sasa anataka kazi yake mwenyewe. Rafiki wa kanisa anamuambia: ingia kwenye franshizi, wanakupatia jina, wanakupatia na kazi, wewe unalipa tu kila mwezi. Siku ya kusaini wanamuwekea mbele kitabu cha kurasa nyingi. Kule nyuma kuko karatasi mbili peke yake: barua ya udhamini. Bibi yake pia anaombwa kusaini. Wanasaini, wanapiga picha, picha inafika Uvira kwa WhatsApp mbele ya jua kuzama, na nyumba yote inashangilia.

Habari hii ni juu ya zile karatasi mbili za nyuma. Mara nyingi ndani yake kuko mistari michache yenye inasema hivi: kukiwa ugomvi, kesi itasikilizwa kwenye jimbo fulani, mbali na kwako, sheria ya jimbo lile njo itatumika, na barua ya mashitaki inaweza kupewa mutu fulani kwa niaba yako, ao kutumwa kwa posta, hata kama wewe haujakanyaga kule. Watu wanairuka ile mistari sababu inafanana na maneno ya maavoka tu. Lakini siku feza inakosa, ile mistari njo inaamua kama utaweza kujitetea ao hapana.

Mutu anaweza kuuliza: na sisi wa Kivu mambo haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu watu wetu wako kule. Katika mwaka wa 2016 wakimbizi wenye Marekani ilipokea kutoka Congo walikuwa wengi kuliko wa inchi ingine yoyote, na wengi wao ni watu wa mashariki wenye walipitia kambi za Burundi, Tanzania, Rwanda na Uganda. Kesi ya kule inagusa minerval ya huku. Mushahara wa ndugu ukikamatwa, ile dola mia ya kila mwezi haitoki tena.

Jina la kukodi

Franshizi ni kukodi jina. Kampuni yenye jina kubwa, ikuwe ya chakula, ya kusafisha maofisi ao ya kutengeneza magari, inakuruhusu ufungue kazi yako chini ya jina lake na kwa namna yake ya kutumika. Unalipa feza ya kuingia. Kisha unalipa sehemu fulani ya mauzo, na mara nyingi feza ya matangazo juu yake. Duka ni lako, hasara ni yako, lakini jina ni lao, na wanaweza kukunyanganya.

Mutu mwenye kushauriwa vizuri anafungua kwanza kampuni ndogo, sawa vile SARL ya kwetu, na ile kampuni njo inasaini mukataba. Faida yake inajulikana: kampuni ikianguka, wenye kudai wanakamata vitu vya kampuni, hawagusi nyumba yako wala akiba ya watoto. Udhamini unavunja ukuta huo. Mwenye jina anajua kwamba kampuni yako ya jana haina kitu. Anachotaka ni wewe mwenyewe, nyumba yako, mushahara wako, na wa bibi yako kama naye alisaini.

Wenye walikopa mu mikrofinansi za Goma na Bukavu wanamujua avalisti: mutu mwenye anaweka sahihi nyuma ya mukopaji, na siku mukopaji anapotea, wanabisha kwake. Udhamini wa franshizi ni jambo lile lile, ila mara nyingi avalisti na mukopaji ni mutu mumoja. Anasaini mara ya kwanza kama mukubwa wa kampuni, anasaini mara ya pili kwa jina lake la kuzaliwa. Na mara nyingi hauna kiasi. Hawaandiki "mpaka dola 20 000." Wanaandika deni yote, ya leo na ya kesho, pamoja na malipo ya maavoka wao.

Mambo tatu yenye watu wanachanganya

Ndani ya karatasi hizo kuko maswali tatu tofauti, na kila moja iko na mustari wake.

Ya kwanza: ni sheria ya wapi itatumika? Kila jimbo la Marekani liko na sheria yake ya mikataba, kwa hiyo wanachagua moja, kwa kawaida ya jimbo lenye kampuni iko na ofisi kubwa. Kuchagua sheria haiko kuchagua tribinali. Muamuzi wa Michigan anaweza kuhukumu kwa kufuata sheria ya Florida, inatokea kila siku.

Ya pili: ni tribinali gani? Hapa mutu aangalie neno moja moja. Kama wameandika kwamba kesi "inaweza" kusikilizwa Florida, basi Florida ni mulango mumoja, na milango ingine inabaki wazi. Kama wameandika "paka Florida" ao "Florida tu," milango ingine imefungwa. Mara nyingi kampuni inajiachia uhuru yenyewe: mwenye duka anapashwa kushitaki kwao tu, lakini wao wanaweza kumushitaki popote.

Ya tatu: barua ya mwito itafika namna gani? Kule Marekani, sawa vile huku kwetu na uisie wetu, kesi haianzi kweli mpaka mushitakiwa apewe karatasi kwa njia yenye sheria inakubali. Katika mikataba ya huku tunazoea maneno ya "kuchagua makao," ni kusema anwani yenye uisie atapeleka barua hata kama wewe umehama. Wamarekani wako na kitu cha kufanana: unamutaja mutu ao ofisi ya kupokea barua kwa niaba yako, ao unakubali kwamba posta inatosha.

Inaomba tujue pia kanuni yenye iko chini ya hayo yote. Katiba ya Marekani, kwa badiliko la 14 lenye liliingia mwaka wa 1868, inakataza jimbo kumunyanganya mutu mali bila njia ya haki. Kutokea pale, Tribinali Kuu ilisema mwaka wa 1945, katika kesi ya International Shoe, kwamba tribinali ya jimbo haiwezi kumuhukumu mutu wa mbali kama hana uhusiano wa kutosha na jimbo lile. Ni ulinzi mukubwa. Lakini ni ulinzi wenye mutu anaweza kuutoa kwa mukono wake mwenyewe, kwa kusaini. Hapo njo shida yote iko.

Wakulima wa Michigan na mwanamuke wa New York

Kesi ya kueleza mustari wa barua inaitwa National Equipment Rental v. Szukhent. Mwaka wa 1961 wakulima wa Michigan walikodi vyombo vya shamba kutoka kwa kampuni ya New York. Mukataba ulikuwa fomu ya kuchapwa, haikufika hata ukurasa moja na nusu, yenye vifungu 18. Kifungu cha mwisho, juu kidogo ya pahali pa sahihi, kilimutaja mwanamuke mumoja wa New York kwa jina na anwani, kikasema yeye njo atapokea barua za mashitaki kwa niaba ya wakulima. Wakulima hawakumujua. Hawakuwa wamemuona hata siku moja. Na kumbe alikuwa bibi ya mukubwa mumoja wa ile kampuni.

Malipo yalikosa, kampuni ikafungua kesi New York mwaka wa 1962. Mutumishi wa tribinali akamupatia ule mwanamuke karatasi, naye siku ile ile akazituma Michigan kwa posta. Wakulima wakasema: hatukuitwa vizuri, yule haiko mutu wetu. Matribinali mbili za chini ziliwakubalia. Lakini tarehe 6 Januari 1964 Tribinali Kuu ilipindua, waamuzi 5 juu ya 4. Muamuzi Stewart aliandika kwamba watu wanaweza kupatana mapema kuingia chini ya tribinali fulani, kupatana namna barua itatolewa, na hata kuacha kabisa haki ya kupewa barua. Kitu chenye kiliokoa kampuni ni kwamba mwanamuke alituma zile karatasi bila kukawia. Angeziweka kwenye sanduku lake, hukumu ingeweza kuwa ingine.

Wenye walikataa, kati yao Muamuzi Black, waliona kwamba mukulima wa mbali hakufikiri hata kidogo, wakati wa kusaini fomu, kwamba anakubali kwenda kujitetea New York. Mimi pia naona hivyo. Lakini ni kura 5 zenye zinahesabika, na mpaka leo sheria ya matribinali ya federali inakubali barua ipewe mutu mwenye ulimuchagua, hata kama kumuchagua kwenyewe kulikuwa mustari moja tu kwenye fomu.

Restora ya Drayton Plains

Juu ya franshizi yenyewe, kesi yenye maavoka wote wanaitaja ni Burger King v. Rudzewicz, ya mwaka wa 1985. Inafaa kuieleza polepole, kwa sababu inaonyesha namna mutu anajikuta mbele ya tribinali ya mbali hata bila mukataba kusema "paka hapo."

Mwaka wa 1978 wanaume wawili wa Michigan, mumoja akiwa mukubwa kwenye ofisi ya wahasibu ya Detroit, waliomba franshizi ya Burger King. Waliomba kwenye ofisi ya kampuni yenye iko Michigan, lakini maombi yakatumwa Miami, Florida, kwenye ofisi kubwa. Walitaka kuchukua restora ya viti 120 yenye ilikuwa tayari, pahali panaitwa Drayton Plains. Mumoja wao alienda Miami kufundishwa. Walinunua vyombo vya dola 165 000 kwa tawi la kampuni lenye liko kule kule Miami. Mu Juni 1979 walisaini, na kwa ile sahihi Rudzewicz alijifunga, yeye mwenyewe kwa jina lake, kulipa zaidi ya dola milioni moja kwa miaka 20. Mbele ya kusaini walikuwa wamegombana juu ya mambo mengi, na moja yalikuwa hili: wanaweza kupitisha deni kwa kampuni yao ndogo, ao hapana? Tunarudi kwenye ukuta ule ule.

Mwanzo kazi ilienda vizuri. Kisha mwisho wa 1979 uchumi ukashuka, wateja wakapunguka, malipo yakachelewa. Kampuni ikavunja mukataba, ikawaambia watoke. Wakakataa, wakaendelea kupika. Mu Mei 1981 Burger King ikawashitaki kwenye tribinali ya federali ya Miami. Toka Detroit mpaka Miami ni zaidi ya kilometa 1 800 kwa ndege. Toka Goma mpaka Kinshasa haifike kule.

Waliitwa kwa sheria yenye Wamarekani wanaiita sheria ya mukono murefu. Karibu kila jimbo liko nayo: inaorodhesha matendo yenye, mutu akiyafanya toka mbali, mukono wa tribinali unaweza kumufikia. Ile ya Florida inahesabu pia kuvunja mukataba kwa kukosa kufanya, ndani ya Florida, jambo lenye mukataba unaomba. Na mukataba uliomba malipo yafike Miami. Feza haikufika Miami, basi kosa lilifanyika Miami. Ni neno dogo la anwani ya malipo, kila mutu analiruka.

Muamuzi wa Miami akawahukumu kulipa dola 228 875. Tribinali ya rufaa ikapindua, ikasema kuwavuta kule si haki. Tarehe 20 Mei 1985 Tribinali Kuu ikapindua tena: waamuzi 6 kwa Burger King, 2 waliokataa, mumoja hakushiriki. Muamuzi Brennan aliandika kwamba mukataba peke yake hautoshi kumufunga mutu kwa tribinali ya mbali. Inaomba kuangalia mazungumuzo ya mbele, matokeo yenye wote walitazamia, maneno ya mukataba, na namna walitendeana kweli. Hapa kulikuwa uhusiano wa miaka 20, barua na malipo ya kwenda Miami, na mustari wenye kusema sheria ya Florida njo inatawala. Mukataba wenyewe ulisema kuchagua ile sheria hakulazimishe kesi zote zifunguliwe Florida. Hata hivyo mustari ule ulihesabiwa: ulikuwa kama onyo kwamba Florida inaweza kukuita.

Brennan alitaja pia kwamba Rudzewicz hakuwa mutu wa kudanganywa. Alikuwa muhasibu mwenye uzoefu, alikuwa na mushauri wa sheria. Na tribinali haikutaka hukumu hii ikuwe njia ya kuvuta watu wadogo mbali kwa deni ndogo ya kitu cha nyumbani. Muamuzi Stevens, katika kukataa kwake, aliona mambo kwa jicho la mwenye duka: restora iko Michigan, wateja ni wa Michigan, na mutu wenye alizungumuza naye zaidi ni wa ofisi ya Michigan. Kwa nini afikirie Florida?

Siku wanaandika "paka hapo"

Burger King ilishinda bila mustari wa lazima. Kampuni nyingi za leo hazipendi kubahatisha, zinauweka ule mustari. Na tribinali za Marekani zinauheshimu. Mwaka wa 1972, katika kesi ya The Bremen, juu ya kampuni ya mafuta ya Texas na chombo cha Wajermani chenye kuvuta mashua, Tribinali Kuu ilisema mapatano ya kwenda mbele ya tribinali ya London yanapashwa kufuatwa, isipokuwa mutu aonyeshe kwamba hayafai kabisa. Ile ilikuwa kati ya makampuni makubwa mbili. Mwaka wa 1991, katika kesi ya Carnival Cruise Lines, tribinali ikapanua: hata musafiri mwenye mustari uko tu nyuma ya tiketi yake ya meli, anafungwa nao. Kama musafiri wa likizo anafungwa, mudhamini mwenye alisaini karatasi mbili na bibi yake hawezi kutazamia huruma zaidi.

Majimbo mengine yamejaribu kulinda watu wao. Sheria ya franshizi ya Michigan inafuta mustari wowote wenye kulazimisha kesi isikilizwe inje ya Michigan. California na Illinois pia ziko na sheria ya namna ile. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza avoka ni: kwenye jimbo langu, sheria hii iko? Majimbo mengine haina.

Na hata pahali iko, kuko mashimo. Shimo la kwanza ni sulu ya inje ya tribinali, ile Wafaransa wanaita arbitraje. Mwaka wa 1984, katika kesi ya Southland v. Keating, yenye ilihusu franshizi za maduka ya 7-Eleven, Tribinali Kuu ilisema sheria ya federali juu ya arbitraje inapita sheria ya jimbo. Njo maana sheria ya jimbo inaweza kukataa tribinali ya mbali na bado ukajikuta mbele ya muarbitre wa mbali. Shimo la pili ni udhamini wenyewe. Sheria hizi zinaongea juu ya mukataba wa franshizi. Kampuni inaweza kujibu kwamba udhamini ni karatasi ingine, ya mutu mwingine, juu ya deni tu. Mabishano ya namna hii yanakula feza ya avoka hata kama unashinda.

Kuko pia kinyume chake: udhamini haukutaja tribinali yoyote, lakini unasema mudhamini "anakubali masharti yote ya mukataba mukubwa." Ule mustari mufupi unavuta ndani mambo yote ya kitabu. Mwaka wa 2012 tribinali ya rufaa ya federali ya Boston ilihukumu kesi ya Awuah v. Coverall, ya watu wa franshizi za kusafisha maofisi. Kati yao kulikuwa wenye walichukua franshizi kutoka kwa wengine, kwa kusaini karatasi za kupokezana tu. Walisema hawakupewa mukataba mukubwa wenye mustari wa arbitraje. Muamuzi wa kwanza aliwasikia. Tribinali ya rufaa ilikataa: karatasi zenye walisaini zilitaja ule mukataba, basi wamefungwa nao, hata kama hawakuusoma. Mwenye kununua kazi ya rafiki yake aombe kitabu chote, apana karatasi ya kupokezana peke yake.

Barua ikifika

Kosa kubwa kuliko yote ni kuweka barua kwenye meza na kusema: "Ile tribinali iko mbali, haiwezi kunifanya kitu." Katiba ya Marekani, kifungu cha 4, inaomba kila jimbo liheshimu hukumu za majimbo mengine. Hukumu yenye ilitolewa Miami bila wewe kuwapo inaandikishwa kwenye jimbo lako, na kutoka pale wanaweza kukamata konti ya banki. Ukikuja wakati ule kusema "sikudaiwa feza ile," umechelewa. Swali lenye linabaki ni kama ile tribinali ilikuwa na uwezo juu yako, na sahihi yako ya udhamini imekwisha kulijibu.

Mbele ya tribinali ya federali, mutu mwenye alipewa barua ana siku 21 za kujibu. Matribinali za majimbo ziko na hesabu zao. Na kuko mutego mwingine: kama unataka kusema tribinali haina uwezo juu yako, ao barua haikutolewa vizuri, unapashwa kulisema katika jibu la kwanza kabisa. Ukianza kubishana juu ya deni na kusahau neno lile, umelipoteza.

Watu wetu wanahama sana kule, toka muji mumoja mpaka mwingine, kufuata kazi na ndugu. Mukataba unaonyesha anwani ya kupokea barua, na kwa kawaida unaomba ukiihama uwaandikie. Ukihama bila kuandika, barua itaenda kwa mupangaji wa zamani, na mbele ya mukataba inahesabika kwamba umeipokea.

Siku 14

Kuko sheria ya federali yenye inasaidia, na haijulikane vya kutosha. Toka mwisho wa miaka ya 1970 mwenye kuuza franshizi analazimishwa kutoa kitabu cha maelezo chenye sehemu 23. Anapashwa kukupatia siku 14 mbele ya kusaini ao kulipa chochote. Mwenye anakuharakisha kusema "leo ao basi" anaenda kinyume na sheria, na hiyo peke yake ni habari juu yake.

Mutu asome kwanza sehemu ya 17, juu ya kuvunja mukataba na ugomvi: pale kuko jedwali lenye kuonyesha tribinali gani, sheria gani, arbitraje wapi. Sehemu ya 15 inasema nani anapashwa kutumika mwenyewe na nani anapashwa kudhamini. Udhamini wenyewe unakuwa kati ya mikataba yenye imefungwa nyuma. Siku hizi kurasa za mbele zinaonya pia, kwa maneno wazi, kama ugomvi utasikilizwa inje ya jimbo lako, na kama bibi ao bwana anaombwa kusaini hata kama hashiriki mu kazi.

Mambo mengine yanaweza kuombwa mbele ya sahihi, na kampuni ndogo zenye kutafuta watu zinakubali wakati mwingine: kuweka kiasi cha mwisho cha udhamini, kuweka muda, tuseme udhamini unakufa miaka mbili kisha duka kuuzwa kwa mwingine, kutoa jina la bibi, kubadilisha "paka Florida" kuwa "Florida ao jimbo la mwenye duka." Kubwa zaidi inakataa. Lakini kuuliza hakulipiwi.

Na huku kwetu

Congo iko ndani ya OHADA toka Septemba 2012, kwa hiyo udhamini wa huku unafuata sheria yao juu ya dhamana, ile ya mwaka wa 2010. Tofauti na Marekani inaonekana haraka. Huku udhamini haudhaniwi, unapashwa kuandikwa na kusainiwa na pande zote mbili, na mudhamini anapashwa kuandika kwa mukono wake mwenyewe kiasi cha mwisho chenye anabeba, kwa maneno na kwa hesabu. Mwenye hajui kuandika anasimama na washahidi wawili wenye wanahakikisha kwamba alikuwapo na kwamba alielezwa karatasi ile inafanya nini. Kwa upande mwingine, mudhamini wa huku pia anahesabiwa kuwa amejifunga pamoja na mudaiwa, isipokuwa karatasi iseme vingine: mwenye kudai hana lazima ya kumaliza kwanza vitu vya mudaiwa.

Yule ndugu wa Iowa, akisaini karatasi ya kule, hapati ule mustari wa kuandika kiasi kwa mukono, sababu sheria ya OHADA haimufuate mpaka kule. Na kama wanamuomba atafute ndugu wa Bukavu ao wa Goma asaini naye kwa picha ya simu, yule ndugu aombe kwanza karatasi yote kwa luga yenye anasoma, aangalie jina la jimbo kwenye mistari ya mwisho, na aulize nani ameandikwa kupokea barua kwa niaba yake.